Duka dogo la kukodisha filamu linavyonunua stoki Walmart na Target, na kwa nini inalipa

Ukimwambia mtu kwamba duka dogo la kukodisha DVD kule Marekani linanunua stoki yake Walmart au Target, yale maduka makubwa ya rejareja yanayouza kila kitu, tena kwenye shelfu ileile ambayo mtu wa kawaida anachukua filamu ya kwenda kuangalia kwake, swali la kwanza ni faida inatoka wapi sasa, manake biashara tuliyoizoea ni nunua jumla uza rejareja. Lakini mwenye duka la kukodisha hauzi diski jamani, anauza siku za ile diski, leo kachukua huyu keshokutwa kachukua yule, kwa hiyo tofauti ya dola mbili tatu kwenye bei ya kununulia inafutwa na mteja mmoja tu. Na mara nyingi hiyo tofauti yenyewe iko upande wake, yaani rejareja ya duka kubwa inakuwa chini kuliko jumla ya msambazaji. Tutafika hapo. Kama unafikiria kuendesha kaduka ka namna hii Marekani, au unataka tu kujua wenzako wanafanyaje, twende taratibu.

Kwanza sheria, kabla hujashika toroli

Mchezo wote umesimama juu ya kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976. Kinasema ukishanunua nakala halali, ile nakala ni mali yako, unaweza kuiuza, kuiazima au kuikodisha bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo, Mahakama ya Juu ya Marekani ililitamka 1908 kwenye kesi ya Bobbs-Merrill na Straus, mchapishaji alikuwa amechapa ndani ya kitabu kwamba kisiuzwe chini ya dola moja, duka la Macy's likakiuza senti 89, mchapishaji akaenda mahakamani akashindwa. Kwa hiyo diski uliyoipata kwa msambazaji na diski uliyoipata kwa keshia wa Target, kisheria hazina tofauti yoyote. Yale maandishi ya kwenye kava kwamba filamu ni ya kuangalia nyumbani tu yasikutishe, mteja wako si anaenda kuiangalia nyumbani? Kinachokatazwa pale ni kuionesha hadharani.

Biashara nzima ilizaliwa hivyohivyo. 1977 huko Los Angeles jamaa anaitwa George Atkinson alichukua mikanda ya filamu za Fox iliyotolewa na kampuni ya Magnetic Video, mikanda iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, yeye akaanza kuikodisha. Studio nyingi, yaani kampuni zinazotengeneza filamu, hazikupenda kabisa hiyo habari ya kukodisha lakini sheria haikuwa upande wao.

Sasa mipaka, na hapa tulia kidogo maana ndo panaumiza watu. Muziki usiguse: tangu 1984 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kukodisha rekodi za muziki kibiashara bila ruhusa, kwa hiyo ile rafu ya CD za muziki Walmart ipite tu. Programu za kompyuta nazo zilifungiwa 1990, pamoja na gemu za PC, lakini gemu za mashine za kuchezea kama PlayStation, Xbox na Nintendo ziliachwa, hizo kodisha. Vitabu vya sauti mahakama moja ya rufaa ilisema 2007 kwamba marufuku ya 1984 ililenga muziki, haivigusi. Na usijifanye mjanja ukaweka vyumba vidogo vyenye TV dukani ili mteja akodi na kuangalia hapohapo, kuna duka la video mji wa Erie, Pennsylvania lilifanya hivyo na 1984 mahakama ya rufaa ikasema huko ni kuonesha hadharani, ukumbi wa sinema mdogo tu huo. Hata ile TV ya kaunta inayocheza filamu mpya siku nzima wateja wakiingia na kutoka, ujue inahitaji ruhusa yake, diski kuwa halali hakutoshi.

Kingine, hii ni sheria ya Marekani. Usiibebe ukaenda nayo Ulaya. Kule haki ya kukodisha imetenganishwa na haki ya kuuza, Umoja wa Ulaya uliweka hilo kwenye maagizo yake ya 1992, na hata kabla yake kuna mfanyabiashara wa Denmark alinunua kaseti ya video dukani London kihalali kabisa, akairudisha kwao aikodishe, 1988 Mahakama ya Ulaya ikakubali kwamba mwenye haki anaweza kumzuia. Kwa hiyo mtu wa Copenhagen akisoma hapa aache kama ilivyo.

Kwa nini bei inageuka kichwa chini

Zamani za mikanda ya VHS hii mbinu isingefanya kazi kwa filamu nyingi. Studio zilikuwa zinatoa filamu mpya kwa bei ya juu makusudi, dola 70 hadi 100 kwa mkanda mmoja, kwa sababu zilijua mnunuzi ni duka la kukodisha na kwamba likishanunua studio haipati senti nyingine. Miezi ikipita ndo mkanda unashuka bei mtu wa kawaida aweze kununua. Chache tu, zile zilizotarajiwa kupendwa na kila mtu, ndo zilitoka na bei ya chini tangu mwanzo. Halafu miaka ya mwisho ya tisini Blockbuster, kampuni kubwa ya maduka ya kukodisha filamu, ikakubaliana na studio kulipa kidogo mwanzoni na kugawana mapato ya kukodisha, ikajaza maduka yake nakala mpaka basi, wenye maduka madogo wakabaki wananunua kwa bei ya zamani. Walienda mahakamani Texas, wakashindwa 2002.

DVD ndo ilibadilisha. Ilipoingia Marekani 1997 studio, Warner ikiwa mbele, ziliamua kuiuza kwa bei ya mtu wa kawaida tangu siku ya kwanza. Bei ya duka la kukodisha na bei ya mama anayenunulia watoto katuni zikawa kitu kimoja. Hapo Walmart, Target na Best Buy, ile ya vifaa vya elektroniki, wakaona DVD ni chambo kizuri, wakawa wanaziuza wiki ya kwanza kwa bei ya kununulia au chini ya hapo, wakijua mtu akija kuchukua filamu ataondoka na sabuni, maziwa na TV mpya. Hasara ya diski wanaifidia kwenye toroli. Wewe mwenye duka dogo unakuja kuchukua chambo peke yake.

Chukua mfano, namba nimeziweka tu tupige hesabu. Msambazaji anakuuzia 18, usafiri juu yako, na anataka oda isipungue kiasi fulani. Target inauza 15 wiki ya kwanza. Unakodisha kwa 3. Ya msambazaji inarudisha pesa mteja wa sita, ya Target mteja wa tano. Haionekani kubwa hiyo. Lakini angalia kwenye hiyo oda ya chini, ulihitaji nakala mbili za filamu moja, msambazaji amekulazimisha kujazia filamu nyingine kumi usizozihitaji ili oda ikubalike, na hizo kumi zinakaa shelfuni zinakuangalia. Kwangu mimi hii ndo sababu kubwa kuliko bei, duka kubwa linakuwa stoo yako. Linashikilia mzigo kwa pesa yake, kwa umeme wake, wewe unaenda kuchukua moja leo, ukiona imetoka vizuri Ijumaa unarudi kuchukua nyingine kabla ya wikiendi. Msambazaji huwezi kumpigia Ijumaa mchana ukapata diski Ijumaa jioni.

Ushahidi mkubwa wa hii kitu ni Redbox, wale waliokuwa na mashine nyekundu za kukodisha DVD dola moja kwa usiku. 2008 na 2009 studio tatu, Universal, Fox na Warner, ziliwaambia wasambazaji wasiwape filamu mpya mpaka ziwe zimekaa sokoni kwa muda. Redbox ikafungua kesi, lakini mashine hazisubiri kesi, wakawa wanatuma watu kwenye maduka ya rejareja kununua diski kwa bei ya kawaida, kampuni kubwa kabisa inapanga foleni kama mimi na wewe. Baadaye 2010 wakapatana kwa masharti ya kusubiri siku 28. Na lile duka la mwisho la Blockbuster, la Bend, Oregon, nalo linajulikana kwa kununua filamu zake kwenye maduka ya kawaida ya mjini.

Haya, unanunuaje sasa

Panga karatasi zako kwanza. Majimbo mengi ya Marekani yana kodi ya mauzo, na mengi yanakuruhusu kununua bila hiyo kodi kitu unachoenda kukikodisha, kwa sababu kodi utaikusanya kwa mteja wako anapokodi. Kwa hiyo sajili biashara kwenye jimbo lako, upate hati ya kununua kwa ajili ya kuuza tena, halafu uipeleke huduma kwa wateja ya duka husika wakuweke kwenye mfumo wao kabla hujaanza kununua, usije ukaanza kubishana na keshia watu wamejaa nyuma yako. Masharti yanatofautiana jimbo na jimbo, soma ya kwako. Ukiwa Oregon, Montana, Delaware au New Hampshire hamna kodi ya mauzo ya jimbo, unaruka hii hatua. Risiti tunza zote, siyo kwa ajili ya kodi tu, siku mtu akikuuliza diski zako umezitoa wapi ile risiti ndo jibu lako lote.

Siku ya kununua ni Jumanne. Filamu mpya za diski Marekani hutoka Jumanne, na bei ya ofa mara nyingi inaishi wiki ileile ya kwanza kisha inapanda. Jumapili au Jumatatu kaa na vipeperushi vya ofa vya maduka mawili matatu, linganisha, andika. Ukiwa na app zao unaweza kuona kama diski ipo kwenye tawi la karibu kabla hujachoma mafuta. Mafuta hayo yaweke kwenye hesabu, mtu anaokoa dola moja kwa diski halafu anaendesha maili arobaini kwenda na kurudi kwa diski mbili, hapo umeokoa nini.

Nakala ngapi? Watu wanapenda kukisia kwa macho ya kwenye sinema, filamu ikiwa ilijaza kumbi basi wanabeba nane. Mi naona anza chini ya unavyofikiri. Angalia leja yako ya filamu ya mwisho inayofanana nayo, iliyotoka kipindi kama hiki, ilikodiwa mara ngapi wiki mbili za kwanza, wateja wangapi waliikosa. Kama huandiki walioikosa anza leo, weka daftari kaunta, kila anayeuliza kitu hakipo andika jina la filamu na tarehe tu. Hilo daftari ndo oda yako. Uzuri wa kununua duka kubwa ni kwamba kosa la kununua kidogo linasahihishika jioni ileile, kosa la kununua nyingi halisahihishiki, diski ikishafunguliwa kwa kawaida hawairudishi, watakubadilishia kwa filamu ileile kama ni mbovu na basi.

Vikomo vya nakala. Duka lina haki ya kusema mteja mmoja asizidi nakala kadhaa, lilitokea sana enzi zile za Redbox. Usigombane na usidanganye, nenda matawi mawili, au ongea na meneja kistaarabu umwambie unafanya nini, wengine hawajali kabisa ilimradi unalipa, wengine watakataa na wana haki. Usimalize shelfu yote lakini. Mteja wa kawaida akikosa kila Jumanne malalamiko yanaenda kwa meneja, na wewe ndo wa kwanza kukumbukwa.

Ukiwa na diski mkononi kagua boksi kabla ya kulipa. Unataka diski halisi iko ndani. Kwenye gemu hasa siku hizi kuna maboksi yanayouzwa yakiwa na karatasi yenye namba ya kupakulia tu, hamna diski wala kadi, hilo halikodishiki, mteja wa kwanza akiitumia imeisha. Gemu nyingine diski ipo lakini kipande kikubwa kinapakuliwa mtandaoni, waambie wateja mapema wasije wakarudi na hasira. Filamu zilizofungwa pamoja, ile DVD na Blu-ray (diski yenye picha kali kuliko DVD) kwenye kava moja, ni nzuri sana kwako, umenunua moja umepata diski mbili za kukodisha. Ila ile karatasi ya namba ya kupata filamu mtandaoni usiiuze kirahisi. Redbox ilinunua diski za Disney madukani kwa sababu hawakuwa na mkataba, ikawa inauza zile namba peke yake, wakapelekana mahakamani kuanzia mwisho wa 2017. Kampuni yenye mawakili ilipata taabu kwa vikaratasi, wewe vitie kwenye droo.

Faida nyingine ya diski za rejareja ambayo haisemwi sana: vitu vya ziada. Kuna studio zilianza kutengeneza toleo la kukodisha lililokatwa vionjo, hamna mahojiano, hamna matukio yaliyoachwa, menyu kavu. Ya dukani ina kila kitu. Wateja wanaoendelea kukodi diski leo wengi ni watu wanaopenda filamu kweli, hao wanazitaka hizo ziada, na kava zuri la dukani ndo tangazo lako shelfuni.

Ukifika dukani kwako, toa diski iweke kwenye kava jeupe lenye namba nyuma ya kaunta, boksi la nje tupu liende shelfuni. Mtu akiiba ameiba kartoni. Andika kwenye leja umeinunua wapi, lini, bei gani, na tarehe iliyoanza kutoka. Na rekodi za nani kakodi nini zifunge vizuri, Marekani kuna sheria ya 1988 inayokataza duka la video kutoa habari hizo ovyo, ilitungwa baada ya gazeti moja kuchapa orodha ya filamu alizokodi Robert Bork, jaji aliyekuwa ameteuliwa kwenda Mahakama ya Juu. Filamu zenyewe zilikuwa za kawaida tu, lakini wabunge walijiona wao.

Vitu ambavyo duka kubwa halikusaidii

Filamu za zamani, za nchi nyingine, za kampuni ndogo, kule huzipati. Walmart ina mpya na lile pipa lake la bei ya chee ambalo ukiwa mvumilivu kuna vito humo chini, lakini hakuna mtu atakayejenga duka juu ya pipa. Hapo ndo msambazaji anarudi, au unanunua moja kwa moja kwa kampuni zinazotoa filamu za namna hiyo, au maduka ya mitumba, mauzo ya maktaba, na maduka ya kukodisha yanayofunga. Diski iliyotumika nayo ni halali kwa kifungu kilekile. Mtandaoni kuwa makini, hasa seti nzima za tamthilia kwa bei ya kuchekesha kutoka kwa muuzaji asiyejulikana, feki ni nyingi na nakala feki haina ulinzi wowote wa sheria hata kama wewe ulilipa kwa nia njema. Diski za kutoka nje angalia pia namba ya eneo, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa, DVD ya Ulaya haitacheza kwenye mashine ya kawaida ya Marekani, diski za 4K, zile mpya zenye picha kali zaidi, hazina hilo tatizo.

Halafu hiyo stoo ya bure inapungua. Best Buy ilitangaza 2023 kwamba inaacha kuuza diski za filamu, ikaacha 2024. Target imepunguza shelfu. Netflix, iliyokuwa inakodisha diski kwa posta, ilituma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023, na kampuni mama ya Redbox ikafilisika 2024. Kwa duka dogo hii ina pande mbili, mshindani amekufa lakini na ghala lako limekuwa dogo. Kwa hiyo fungua akaunti kwa msambazaji hata kama huitumii kila wiki, na filamu unazojua zitaulizwa oda mapema kwenye tovuti ya duka ukachukue tawini, usitegemee kuikuta shelfuni kama miaka ile. Mwisho wa Novemba zile siku za ofa kubwa bado ni za kukesha, hapo ndo unanunua filamu za nyuma ulizozikosa kwa dola chache na unabadilisha zile zilizochubuka.

Diski ikishapoa, yaani leja inaonesha haijatoka nje wiki kadhaa, bakiza nakala moja na nyingine toa kwenye sanduku la kuuza. Uza haraka wakati bado watu wanaikumbuka. Uliinunua 15, imekodiwa mara kumi kwa 3, ukiuza 5 na mtu akaondoka anacheka, hiyo hela ndo unaenda nayo Jumanne inayofuata.